Mama Mkwe wa Kocha Hollenbeck

Kila Jumatatu saa sita mchana, watu wa Tarrington waliacha kijiko hewani kusikiliza redio. Mtangazaji aliitwa Gene Pfister, mtu ambaye siku nyingine zote aliuza matrekta, na kazi yake saa hiyo ilikuwa kupokea simu za yeyote mwenye neno kuhusu Nungunungu. Nungunungu ni timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu, na msimu ule maneno hayakukosekana. Walikuwa wakifungwa mfululizo tangu kabla ya Krismasi, wakati mwingine na vyuo ambavyo Gene alishindwa hata kuyatamka majina yake.

Verna Stuckey alikuwa amesimama jikoni kwake akisubiri zamu, simu ya ukutani sikioni, waya umemzunguka kiunoni. Mdomo wa simu ameufunika kwa leso.

"Tuna nani hewani?" Gene aliuliza.

"Harriet," Verna akajibu kwa sauti nyembamba aliyoipitishia puani. "Harriet wa Barabara ya Kinu."

"Karibu tena, Bi Harriet. Wiki iliyopita ulisema kocha afungashe virago. Bado uko palepale?"

"Niko palepale. Na asisahau soksi. Hivi huyu mtu haoni? Vijana wameishiwa miguu, yeye bado anawaambia wakabe mtu kwa mtu, uwanja mzima. Yule mrefu kipindi cha pili anahema kama ng'ombe anayezaa. Mtu aliyechoka humpi mtu wa kumkimbiza, Gene, unampa eneo alilinde. Asimame, anyooshe mikono, basi. Hilo hata paka wangu analijua."

"Kwa hiyo hafai?"

"Hafai," alisema Verna, akakata simu, akaikunja leso vizuri na kugeuza nyama kwenye kikaango. Kisha akaweka sahani mbili mezani, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ambayo kocha alikuja kula kwake.

Kocha mwenyewe, Dwight Hollenbeck, alikuwa mume wa binti yake. Marlys alifanya kazi kwa daktari wa meno na mchana hakurudi nyumbani, na toka mzee Orval Stuckey alipofariki, Dwight alizoea kuvuka barabara kutoka chuoni aje kula na mama mkwe wake, asikae peke yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuna pia aliyemwambia aje kumfagilia theluji kila ilipoanguka, kazi aliyoifanya kwa moyo wote na kwa ubaya wote, akiirundika mlangoni mwa gereji ili Verna asiweze kulitoa gari.

Siku ile aliingia akipangusa viatu. Pikapu yake ilikuwa na redio nzima, tena ya sauti kubwa.

"Mama, Harriet leo kasema nini?"

"Harriet gani?"

"Yule wa Barabara ya Kinu."

"Mimi mchana sisikilizi redio," Verna alisema, akamwekea kipande cha nyama kilichoning'inia nje ya sahani. "Kula."

Dwight alikitazama kipande kile. Alikuwa ameshagundua kwamba kadiri Harriet alivyokuwa mkali redioni, ndivyo nyama yake ilivyozidi ukubwa. Kwa kipimo hicho, siku ile alikuwa amechambuliwa vibaya sana.

"Anaongea vizuri yule mama," alisema huku akikata. "Ila naona ana mafua yasiyopona."

Verna alimpa viazi zaidi.

Msije mkadhani Verna alikuwa hampendi mkwewe. Alimpenda sana, na ndiyo maana jambo lile lilimsumbua. Lakini mpira aliujua kabla hajamjua Dwight. Alipokuwa msichana, huku kwetu katika jimbo la Iowa wasichana walicheza mpira wa kikapu kwa namna yao: sita kila upande, watatu wa kushambulia, watatu wa kulinda, na mstari wa katikati haukuvukwa na yeyote. Verna alikuwa mlinzi. Alimaliza shule nzima bila kufunga hata kikapu kimoja, kwa sababu kanuni hazikumruhusu hata kukikaribia, na bado wazee wa wilaya ile walimkumbuka kama msichana aliyewaliza wafungaji. Mtu wa namna hiyo akikaa safu ya pili nyuma ya benchi na kuona wapinzani wanapita katikati ya ulinzi kama wanaingia dukani, anaumia mwilini. Na kumwambia mkwe wake uso kwa uso aliona haya. Ndipo akazaliwa Harriet.

Jumatatu iliyofuata Gene alifungua kipindi kwa sauti ya kuchangamka isiyo ya kawaida. Mkuu wa chuo, Daktari Rosalind Teague, alikuwa ameitisha mkutano wa wapenzi wa timu siku ya Alhamisi, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri, kusikiliza maoni kama kocha abaki au aende. "Na amenituma nifikishe ombi rasmi," Gene aliendelea. "Anamwalika Bi Harriet wa Barabara ya Kinu aje azungumze kwa niaba ya wanaotaka kocha aondoke. Bi Harriet, kama unanisikia, umewekewa kiti cha mbele."

Verna alikaa chini. Siku ile hakupiga simu. Dwight alipokuja alikuta mama mkwe amevaa koti, chakula kiko mezani kimefunikwa, naye anatoka mbio kwenda kwa jirani.

Jirani, Lavonne Dirks, alikuwa rafiki yake toka utotoni na mtu asiyejua lolote kuhusu mpira.

"Alhamisi wewe utakuwa Harriet," Verna alimwambia kabla hata hajavua glavu.

"Mimi? Shoga, mimi mpira ule sijui hata una pembe ngapi."

"Nitakufundisha. Useme tu 'ulinzi wa eneo' na utikise kichwa kwa masikitiko."

Lavonne alimtazama kwa huruma ambayo haikuwa na haraka. "Verna, mwenzangu. Mji mzima unajua Harriet ni wewe. Mchungaji anajua. Aliyekuuzia hiyo leso anajua. Daktari wa meno anajua."

"Lakini Dwight hajui."

"Dwight ndiye aliyemwambia daktari wa meno."

Verna alirudi nyumbani taratibu. Theluji ilikuwa imeanza tena, na Dwight alikuwa bado yupo, na koleo mkononi, akirundika kilima kipya mlangoni mwa gereji. Alisimama akamtazama, akamwona ni mtu mzima aliyeanza kupata mvi juu ya masikio, amevaa kofia yenye picha ya nungunungu anayecheka.

"Ingia ndani," alisema. "Na hiyo theluji iache, unaniharibia."

Walikaa jikoni. Verna alimimina kahawa, akazungusha kikombe mara kadhaa.

"Umejua toka lini?"

"Toka siku ya kwanza, mama. Ulisema 'hata paka wangu analijua.' Hayo maneno unaniambia mimi kila nikishindwa kufungua kopo."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Nyama ilikuwa nzuri." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Sikiliza. Kusema kwako hakuniumi. Kila mtu anasema. Hata yule anayenikata nywele ananipangia kikosi mkasi ukiwa shingoni mwangu. Kilichoniuma ni kwamba ulimwambia Gene Pfister kabla hujaniambia mimi. Gene, mama! Mtu anayedhani refa ni mchezaji wa ziada."

Verna alicheka bila kutaka, kisha macho yakamlowana, akajifanya anatafuta sukari.

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo wangu unavunjwa kila Ijumaa na Jumamosi mbele ya watu. Ungeongezea tu." Alisogeza kikombe. "Haya niambie sasa. Hapa. Mimi ni Gene."

Basi akamwambia. Alichukua chupa za chumvi na pilipili, kopo la sukari, yai la kuchemsha na kizibo, akavipanga mezani kuwa Nungunungu, akamwonyesha jinsi mrefu wake anavyovutwa nje na kuacha mlango wazi, jinsi vijana wanavyokimbizana na watu wenye kasi kuwapita mpaka pumzi inawatoka. Dwight alibisha. Alikaba mtu kwa mtu kwa sababu kocha wake alikaba mtu kwa mtu, na kocha wa kocha wake. Ulinzi wa eneo kwake ulikuwa kama kukiri kwamba umeshindwa, kwamba unajificha. Verna akamuuliza, je, kufungwa toka kabla ya Krismasi, huko ndiko kujitokeza? Dwight akala yai, ambalo lilikuwa mlinzi wa kushoto.

"Alhamisi nenda," alisema alipokuwa akivaa koti. "Sema yote. Usinihurumie, nitajua."

Alhamisi ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kulikuwa na kahawa, kulikuwa na keki za aina zote, kwa sababu huku hata mtu akienda kunyongwa kina mama wangeleta keki. Wachezaji walikuja wote wakakaa ukutani, magoti yao yakiwazuia watu kupita. Dwight na Marlys walikaa mbele upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na kiti kitupu.

Daktari Teague alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, aliyekuja kwetu kutoka mashariki na ambaye mpaka mwaka ule alidhani mpira wa kikapu ni mchezo tu. Aligonga kikombe kwa kijiko. "Nafikiri tuanze na Bi Harriet, kama amefika."

Verna alisimama nyuma kabisa, akavuta pumzi. "Nina jambo la kukiri. Harriet ni mimi."

"Tunajua, Verna," ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, kama wanaitikia sala.

Vicheko vilichukua muda kutulia. Uso ukimwaka, Verna alipita katikati ya magoti ya wachezaji mpaka mbele, lakini kile kiti hakukikalia. Akasema aliyokuwa nayo, kwa sauti yake mwenyewe ambayo ilikuwa nzito kuliko ya Harriet, na bila leso. Alieleza ulinzi wa eneo mpaka mchungaji akawa anaitikia kwa kichwa. Alisema kocha ni mkaidi, kwamba anapanga kikosi kwa huruma, kwamba anaita mapumziko wakati hakuna haja na kuyasahau wakati yanahitajika. Marlys alikuwa akimtazama mama yake kwa jicho ambalo lingeweza kukaanga kitunguu.

"Nashukuru," Daktari Teague alisema. "Kwa hiyo tumwondoe?"

Verna alitikisa kichwa. "Hapana. Sikusema hivyo."

"Bi Verna!" Gene Pfister alilalamika kutoka kwenye meza ya keki. "Umesema hivyo kwenye kipindi changu wiki baada ya wiki!"

"Redioni, Gene. Redioni watu wanaongea tu. Nilisema anakosea. Ningekuwa nataka kila anayekosea aondoke, Tarrington ingebaki ng'ombe watupu."

Mchezaji mmoja aliinua mkono. Alikuwa Ansel Thorsen, wa mwaka wa mwisho, kijana wa benchi mwenye masikio makubwa. "Samahani. Bi Verna yuko sahihi kuhusu eneo. Hata sisi tulimwambia kocha."

"Mliniambia lini?" Dwight aligeuka.

"Kwenye basi, kocha. Ulisema tulale."

Ukumbi ukaangua kicheko tena, na safari hii Dwight alicheka nao, amejishika paji la uso. Alipoinuka kusema, hakujitetea. Alisema amekuwa akifundisha kama alivyofundishwa, na kwamba huenda kiburi chake alikiita msimamo. Alisema zimebaki mechi chache za msimu, atajaribu eneo. Na kwa kuwa yeye hajui vizuri jinsi ya kulifundisha, anamwomba mtu anayejua aje uwanjani kesho mchana, akiwa na viatu visivyochubua sakafu.

Watu wote wakamgeukia Verna.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Kesho nina saluni."

Saluni aliiahirisha. Kwa wiki zile zilizobaki alikuja mazoezini na viatu vya kanisani alivyovibandika raba, akawashika vijana mabega na kuwasogeza kama anapanga fenicha. "Miguu! Mikono bila miguu ni nguo kwenye kamba!" aliwapigia kelele, na vijana warefu kuliko mlango walimwitikia "ndiyo, bibi" kwa woga wa kweli. Dwight alisimama pembeni na filimbi yake, akiuliza maswali. Mara nyingine walibishana katikati ya uwanja mpaka Ansel akaita mapumziko kwa niaba yao.

Mechi ya kwanza walifungwa, lakini kidogo. Ya pili wakashinda. Tarrington ilipiga honi mpaka polisi wetu, ambaye naye alikuwa akipiga honi, akaomba watu waache. Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya Chuo cha Brandvold, mahasimu wetu wa toka enzi za babu zetu.

Ukumbi ulijaa saa nzima kabla ya mechi. Nungunungu walicheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza msimu ule. Mrefu wao hakuhema. Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha walikuwa mbele kwa pointi moja, Brandvold wana mpira, na saa inakimbia. Dwight akaita mapumziko, wakati muafaka kabisa, akainama katikati ya vijana wake. Verna, kwenye safu ya pili, alisikia kila neno. Alimsikia akisema wabadilike: yule mfungaji wao wa mbali, mwembamba mwenye nywele nyekundu, akabwe na mtu mmoja asiyemwacha hata kivuli.

Hapo Verna akasahau kwamba yeye ni mtazamaji. Alisimama, akaegemea mbele, akapaza ile sauti yake nzito: "Eneo, Dwight! Baki na eneo! Watapita katikati!"

Dwight aligeuka. Walitazamana. Kisha akawarudia vijana, akatikisa kichwa, akabadilisha. "Eneo," alisema. "Kaeni kwenye eneo."

Brandvold hawakupita katikati. Walirusha mpira kona, kwa yule mwembamba mwenye nywele nyekundu, ambaye hakuwa na mtu hata wa kumsalimia. Aliinua mikono kama mtu anayeweka kopo kwenye rafu ya juu. Mpira ukaingia bila kugusa chuma, na kengele ikalia.

Tulikuwa tumefungwa. Wageni walishangilia kwenye kona yao ndogo. Verna alikuwa bado amesimama.

"Hata mtoto angejua kumkaba yule mwekundu," mzee mmoja nyuma yake alisema. "Huyu kocha aende zake."

"Funga mdomo wako," Verna alimwambia.

"Wee Verna, si wewe ulikuwa..."

"Nimesema funga." Lavonne alimshika mkono, akamtoa nje kabla hajampiga mtu na mkoba.

Wikendi ile hakutoka. Jumatatu saa sita alifungua redio, akiwa hajaweka hata kikaango motoni. Gene alikuwa amemleta Dwight studioni.

"Kocha, kila mtu anauliza. Ulikuwa unabadilisha ulinzi, tuliona. Halafu ukarudi kwenye eneo. Kwa nini?"

Verna alishika ukingo wa meza. Nusu ya ukumbi ilikuwa imemsikia akipiga kelele. Gene mwenyewe bila shaka alikuwa amemsikia, na alikuwa amemfungulia Dwight mlango wazi kabisa wa kumtaja.

"Ulikuwa uamuzi wangu," Dwight alisema. "Kocha ni mimi. Vijana walifanya nilichowaambia."

"Hakuna aliyekushauri?"

"Gene, nashauriwa na kila mtu wa mji huu, hata wewe. Ningekuwa nawalaumu wote, kipindi chako kisingetosha."

Verna alizima redio. Alivaa koti, kofia na mabuti, akavuka barabara mpaka chuoni, akapanda ngazi bila kujishikilia, akaingia ofisini kwa Daktari Teague bila kugonga.

"Kile kikapu ni changu," alisema.

Daktari Teague aliweka kalamu chini. "Kikapu gani, Bi Verna?"

"Cha Brandvold. Yeye alikuwa amepanga vizuri. Mimi ndiye niliyempigia kelele akabadilisha, na sasa anakula lawama peke yake. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, nifukuze mimi kwenye safu ya pili. Nipeleke juu kule nyuma ya nguzo, ambako mtu haoni uwanja."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi nisikilize ukiwa umesimama. Nimeshaamua toka juzi." Daktari Teague alivua miwani. "Mimi mpira siujui, na sikutaka kujifanya naujua. Niliwaita wachezaji, mmoja mmoja, nikawauliza swali moja: Hollenbeck akibaki, mwakani utarudi? Wote walisema watarudi. Isipokuwa Ansel Thorsen, kwa kuwa yeye anamaliza. Yeye aliniuliza kama inawezekana afelishwe somo moja."

Verna alikaa.

"Kwa hiyo anabaki," Daktari Teague aliendelea. "Mwaka mmoja, kisha tutaangalia tena. Sitaki kukudanganya, Bi Verna. Kwa ninavyoambiwa na wanaojua, uwanjani ni kocha wa wastani tu, tena siku akiwa ameamka vizuri."

"Wastani?" Verna akaruka. "Nani huyo kasema wastani? Mpumbavu gani?"

"Wewe. Redioni. Nilisikiliza kila Jumatatu."

Verna alifikiri. Alitazama dirishani, ambako vijana walikuwa wakirushiana theluji. Hakuwa na uhakika kama Dwight anastahili. Kile kikapu cha mwisho kilikuwa bado kinamchoma, na mwakani wafungaji wa mbali wangekuwepo vilevile. Lakini ulinzi unafundishika. Alimfikiria mtu aliyekubali kubadili mawazo mbele ya umati mzima kwa sababu ya bibi mmoja mwenye kelele, na baadaye, alipoulizwa, akasema ni uamuzi wake. Hilo Verna hakujua mtu anafundishwa wapi.

"Ni wastani," alikubali mwishowe. "Lakini mimi ndiye nina ruhusa ya kusema."

Jumapili Dwight na Marlys walikuja kula baada ya ibada. Dwight alikuwa ameshapata habari zake, na alikuwa ameshasikia pia, kwa sababu Tarrington haifichi kitu, kwamba mama mkwe wake alivamia ofisi ya mkuu wa chuo. Alimbusu shavuni mlangoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaenda kukaa. Nyama siku ile ilikuwa ya ukubwa wa kawaida. Aliitazama akaonekana kuridhika.

"Mama," alisema alipomaliza kukata kipande cha kwanza, "nilikuwa nafikiria yule wa kona. Kama tukimtoa mlinzi mmoja kwenye eneo, wanne wabaki, na mmoja amfuate yule mfungaji..."

"Ukimtoa nani? Ukimtoa wa kushoto umekwisha."

"Si wa kushoto. Tazama." Alinyoosha mkono kuchukua chupa ya chumvi.

Marlys alimpiga mkono kwa kijiko. "Hapana. Nyote wawili. Nimekaa na huu mpira toka mwezi wa kumi na moja. Mezani hapa hakuna mpira mpaka watu wamalize kula."

Wakatulia kama watoto waliokaripiwa. Waliongea kuhusu mahubiri, kuhusu goti la Lavonne, kuhusu bei ya mahindi. Dwight alisifu viazi. Verna alisema mwaka huu theluji inachelewa kuyeyuka. Kisha Marlys akainuka kwenda kuleta kahawa, na kabla mlango wa jikoni haujajifunga nyuma yake, Verna alikuwa ameshasogeza sahani yake pembeni na kuinama mbele.

"Haya, haraka," alinong'ona. "Unamtoa nani?"